Nilivyokwenda Lubumbashi Kutafuta Jina la Ugonjwa Wangu

Watu wa Kamina hupanda treni kwenda Lubumbashi kwa sababu zinazoeleweka: kununua nguo za kuuza, kuzika, kuoa, kugombania urithi. Mimi nilikwenda kutafuta jina. Halikuwa jina la mtoto wala la duka. Lilikuwa jina la ugonjwa wangu, ambao ulikuwa umekaa mwilini mwangu miezi sita bila kujitambulisha, kama mgeni anayekula bukari yako kila siku na hasemi ametumwa na nani.

Mimi naitwa Ngoie, mwalimu wa mwaka wa sita katika shule moja ya parokia. Mwezi wa kumi na moja nilianza kuvimba na kulala. Sisemi kusinzia, nasema kulala. Nililala nikisahihisha madaftari, nililala padri akihubiri (hilo sikuwa peke yangu), na siku moja nilianza kuandika ubaoni maneno "Mto Lualaba" nikazindukia kwenye "Lua", paji la uso limeegemea ubao, na wanafunzi arobaini na wawili wamekaa kimya kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho. Saa sita mchana, jua likiwaka, nilikuwa nimevaa koti la mume wangu.

Kisha, mwezi wa pili, mwili ukageuka. Nikakonda. Moyo ukadunda kama wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Chaki ikatetemeka mkononi. Nilisahihisha madaftari ya darasa langu yote, nikamaliza, nikachukua ya mwaka wa tano bila kuombwa. Nyumbani nilimpigia kelele mume wangu Banza, fundi wa baiskeli na mtu mpole kuliko wote ninaowajua, na kosa lake lilikuwa kutafuna. Mwisho wa mwezi wa tatu kelele zikaisha, nikarudi kuvimba na kulala.

Waganga wa zahanati yetu walijitahidi. Walisema malaria, wakasema tifoidi, wakasema presha, hadi mmoja aliponishika shingo akaona tezi imejaa. Damu yangu ikatumwa Lubumbashi mara mbili, mikononi mwa wasafiri, maana kipimo hicho kwetu hakuna. Damu ikasafiri kabla yangu. Jibu la kwanza lilisema tezi inakwenda mbio, nikapewa vidonge vya kuipunguza. Jibu la pili lilisema bado inakwenda mbio, wakati mwenye tezi amelala kwenye benchi la zahanati na inabidi atikiswe ndipo asomewe jibu. Muganga akakuna kichwa. Akaniambia ni afadhali niende mwenyewe, nisiitume damu peke yake.

Lakini aliyenisukuma hasa si muganga. Ni Directeur wa shule. Yeye ni mtu wa haki na mtu wa wino. Penseli shuleni kwetu inaishia mwaka wa pili, na fomu yoyote yenye kufutwafutwa huirudisha. Aliniita ofisini wiki moja kabla ya Pasaka.

"Madame Ngoie, wazazi beko nalalamika. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa nalala, mwezi wa pili ulikuwa nafokea kila muntu, sasa unalala tena. Na examen ya mwisho iko karibu."

"Directeur, miye ni mugonjwa."

"Bon. Mugonjwa wa nini?"

Akasukuma fomu mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari: *jina la ugonjwa*.

"Uniletee jina moja, docteur aandike na wino. Nitapata kintu ya kuambia wazazi. Bila jina, mwaka wa sita nitaipatia mwalimu mwingine siku ya kufungua masomo."

Darasa hilo nilikuwa nalo tangu mwaka wa tano. Nilipanda nao. Najua nani anakosea hesabu za sehemu na nani anakosea kwa sababu hajala. Nilitoka ofisini macho yanauma, nikaenda moja kwa moja kulia mahali ambapo mwanamke wa Kamina anaweza kulia akasikilizwa: kwa fundi wa nguo.

Papa Kalenga alikuwa anashona vitenge vya mamama wa parokia, kitambaa kimoja kwa wote, maana siku ya sikukuu tunaingia kanisani tumefanana na anayekosa sare huulizwa amekosana na nani. Alikuwa amenipima mwezi wa kumi na moja. Nilipokuja kuchukua nguo mwezi wa pili, ningeweza kuivaa pamoja na dada yangu. Akaipunguza. Sasa haikupita mabegani. Akafungua daftari lake. Vipimo vya wenzangu vilikuwa vya wino wa bluu. Vyangu tu vilikuwa vya penseli, safu tatu, kila moja na tarehe yake.

"Juu ya nini miye peke yangu penseli?"

"Wino ni ya bantu benye kutulia, mama," alisema, sindano mdomoni. "Siku utatulia, nitafuta, nitaandika na wino. Lakini usiogope. Nguo yako nimeacha kitambaa mingi mu mshono, kwa ndani. Ukinenepa nafungua, ukikonda nafunga. Bitenge haina shida. Ni weye tu njo uko na haraka."

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi. Banza alinipeleka stesheni kwa baiskeli yake: mimi nyuma na koti lake, dumu la mafuta ya ngazi, yaani mawese, mbele, unga wa mahindi katikati. Mkamina haendi mjini mikono mitupu, hata kama anakwenda kuugua.

Pale stesheni alitungoja Mama Bibiche, amekuja na pikipiki kutoka Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Mume wake ni sajenti. Wao ni watu wa mkoa wa Équateur, wasemao Kilingala, na Kiswahili chake kimepitia kambi nne kabla ya kufika kwetu. Ana meza ya kuuzia nywele za bandia, mafuta ya ngozi na chupa za vidonge vya nywele. Nywele zangu zilipoanza kubaki kwenye kitana mwezi wa kumi na mbili, ni yeye aliyeniokoa. Aliniagiza nimeze viwili asubuhi na viwili jioni. Kwa kuwa mimi ni mtu wa bidii, niliongeza viwili vya mchana. Na nywele zilikuwa zimerudi, hilo lazima nilikiri.

"Ndeko, chukua chupa ine," alisema akizisukuma kwenye mfuko wangu. "Bamama ya Lubumbashi banapenda uzuri. Onyesha bo kichwa yako, bataelewa."

Banza alinifunga kifungo cha juu cha koti. "Ukikosa jina, urudi tu," alisema. Nilimkaripia kwamba sitakosa.

Ndani ya treni. Nilikaa karibu na mama mmoja mnene mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekuwa anarudi kwake Bukama. Treni ilikuwa haijavuka hata mashamba ya nje ya mji naye ameshaniangalia kuanzia uso uliovimba hadi miguu iliyovimba, akaona koti kwenye joto lile, akaona nimesinzia mara mbili katikati ya salamu.

"Wakomapo," alinisalimu kwa Kiluba nilipozinduka mara ya tatu, akaendelea kwa Kiswahili: "Mama, iko mwezi wa ngapi?"

"Wa ine."

"Sisemi mwezi ya mwaka. Nasema mimba."

"Mama, niko na miaka makumi ine na saba!"

"Na Sara wa mu Biblia alikuwa na ngapi?"

Nilijaribu kumweleza habari ya tezi. Nikafungua ukosi wa koti nikamwonyesha shingo. Aliitazama kwa upole wa mtu anayesikiliza uongo wa jirani, akasema hata dada yake alificha hivyohivyo, na akazaa pacha. Behewa zima likaanza kunionea huruma. Mzee mmoja akanipisha kwenye dirisha. Mwingine akanipa ndizi. Kusema kweli, tangu niugue sikuwahi kuhudumiwa vile, na kabla ya giza kuingia nilikuwa nimeacha kubisha. Bukama, kesho yake, treni ilikaa muda mrefu ikingoja nyingine ipite. Yule mama alishuka, akapita nje hadi dirishani kwangu, akanipitishia samaki mkavu mkubwa aliyefungwa kwenye gazeti.

"Ya mutoto," alisema.

Nilimla kabla ya Tenke.

Jumatano alasiri, Lubumbashi. Nilipokelewa na Félicie, binti wa mama mdogo, ambaye ameishi mjini tangu aolewe na anasema "kule kwenu" akitaja kijiji alikozaliwa. Tulikumbatiana. Mkono wake wa kulia ulikuwa mgongoni mwangu na wa kushoto tayari kwenye dumu la mafuta.

"Yaya, dada yangu mukubwa, aksanti sana! Mafuta ya kwetu!"

"Félicie, dumu ile ni ya docteur..."

"Docteur yuko na mushahara," alisema, na dumu likapita mlango wa jikoni nisilione tena ila kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Unga nao ulikwenda njia hiyohiyo. Sikumlaumu, maana damu ni nzito kuliko maji, na mafuta ya ngazi ni mazito kuliko vyote viwili.

Alhamisi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani kwenye kamba na misuko iliyobana hadi nywele za mbele zimerudi nyuma kwa hofu. Aliuliza maswali mengi, na nikamjibu vizuri kama mwanafunzi aliyejiandaa. Akaangalia ulimi, magoti, kucha, shingo.

"Dawa gani unakunywa?"

"Hizi tu za kupunguza mbio ya tezi, Docteur."

"Hakuna ingine? Ya bazee? Ya majani?"

"Hapana," nilisema, nikakasirika kidogo. Mimi ni mwalimu. Nafundisha kila mwaka ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Wakachukua damu.

Ijumaa. Jibu lilikuwa mezani niliporudi, na daktari alikuwa analitazama kama ninavyotazama hesabu iliyonakiliwa vibaya.

"Mama Ngoie, damu inasema uko nakimbia. Mais miye naona mwanamuke mwenye kulala mu kiti yangu."

"Sikulala, Docteur. Nilikuwa nasikiliza na macho ya kufunga."

"Moyo iko polepole. Ngozi iko kavu. Mwili inasema kintu moja, machine inasema ingine. Moja iko nadanganya, na mwili hainaka sababu ya kudanganya."

Sasa, kwetu hatwendi kwa mtu mara ya pili mikono mitupu. Mara ya kwanza wewe ni mgeni na unasamehewa. Mara ya pili ni dharau. Mafuta ya ngazi yalikuwa tumboni mwa Félicie, unga pia, samaki tumboni mwangu. Asubuhi ile nilikuwa nimepekua mfuko wangu nikabaki na chupa nne za Mama Bibiche. Nilifikiria misuko ya daktari, nikaona hapana zawadi inayofaa zaidi. Nikaitoa chupa moja, nikaiweka juu ya karatasi zake kwa mikono miwili.

"Docteur, samahani, haiko rushwa. Ni zawadi ya Kamina. Ni ya hapa mbele," nikagusa paji langu la uso. "Inasaidia sana. Angalia miye."

Aliitazama chupa bila kuigusa, na nikadhani nimemtukana. Kisha akavaa miwani, akageuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Akayasoma tena.

"Weye pia unakunywaka hii?"

"Kila siku! Sita."

"Sita. Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Na jana nilikuuliza unakunywa nini?"

"Uliniuliza dawa, Docteur. Hii haiko dawa. Iko ya nywele."

Alivua miwani, akalaza paji la uso mezani, mabega yakaanza kutikisika. Nesi akafungua mlango akidhani ni mimi ninayelia. Daktari alikuwa anacheka hadi misuko inacheza. Alipopata pumzi alinieleza: ndani ya vidonge vile mna kitu kisichodhuru mtu, lakini ukimeza kingi kinachanganya mashine ya damu, ikaona mbio palipo na usingizi. Majibu ya jana, na yale mawili ya nyuma, hayaaminiki.

Nilihisi uso unawaka, ingawa kwa kawaida ya siku hizo nilikuwa baridi kama chura. "Basi miezi yote nilikuwa natibiwa nywele?"

"Kidogo nywele, kidogo tezi. Sehemu gani iko gani, sitayua. Ile mwezi wa pili, ulikonda kweli? Ao ni machine tu?"

"Nilikonda kweli! Mume wangu ni shahidi. Fundi wa nguo ni shahidi, anayo hata kwa daftari."

Daktari akainua kichwa. "Daftari gani?"

Hivyo ndivyo nilivyompigia Banza simu kutoka ofisi ya daktari, Banza akapanda baiskeli hadi sokoni, na baada ya dakika chache Papa Kalenga akapokea simu kwenye kibanda chake. Daktari aliomba vipimo na tarehe. Papa Kalenga ni mzee wa masikio mazito, na mtu wa masikio mazito huamini kwamba wengine pia hawasikii. Alisoma kwa sauti ya mhubiri.

"Madame Ngoie! Mwezi wa kumi na moja, kiuno mia moja na ine! Mwezi wa pili, kiuno makumi nane na moja! Docteur, unasikia? Makumi nane na moja! Mwezi wa tatu mwisho, mia moja kasoro mbili! Na kifua nisome?"

"Soma, papa," alisema daktari, akiandika.

Nyuma ya sauti yake nilisikia soko, na katikati ya soko nilisikia mtu akirudia "mia moja na ine" kwa mshangao. Daktari alikata simu akatazama safu zile tatu kwa heshima.

"Hii njo dossier ya kwanza ya kuaminika," alisema. "Huyu papa hakuna vidonge byenye kumudanganya."

Jumamosi hadi Jumatatu. Niliambiwa niache vidonge vyote, vya nywele na vya tezi, nisubiri. Nilikaa kwa Félicie, nikalala kwenye kiti chake kizuri. Yeye akaziona chupa tatu zilizobaki, akaziomba. Nilimpa baada ya kumwapisha kwamba akipimwa damu atasema. Aliapa huku anameza.

Jumanne walichukua damu tena. Jumatano nikaitwa. Nilivaa vizuri, nikachukua kalamu ya wino mwenyewe, isije ya daktari ikakauka wakati wa jina.

Safari hii mashine na mwili vilikubaliana: tezi imepoa, inakwenda taratibu mno. Na kulikuwa na kitu kingine ndani ya damu.

"Mwili iko na baaskari yake," alieleza, "ya kupiga magonjwa. Baaskari yako banapiga tezi yako."

"Docteur, miye natoka Kamina. Baaskari bote nabajua. Banalima muhogo."

"Ba kwako hawa bamekosa shamba," alisema. "Siku ingine banapiga tezi inamwaga nguvu yote mara moja, unakimbia. Kisha inachoka, unalala. Iko majina mbili. Nafikiri njo ya kwanza, Hashimoto. Mais ile mbio ya mwezi wa pili inaweza kuwa ya pili, Basedow. Mara ingine zote mbili zinakaa nyumba moja."

"Sawa. Andika moja."

"Siwezi."

Nilimweleza habari ya Directeur, fomu, wino, watoto arobaini na wawili. Nilimwambia ukweli wote, safari hii na nywele ndani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nikiandika moja leo, ni kubahatisha," alisema taratibu. "Weye mwalimu. Mwanafunzi mwenye kubahatisha unamupatiaka points?"

Hapo alinishika pabaya. Aliandika karatasi kwa mkono wake, ikaeleza tezi, vidonge vipya vya kila asubuhi, damu kupimwa tena baada ya miezi miwili, na kwamba naweza kufundisha. Lakini pale juu, penye jina, aliandika: *Hashimoto ? Basedow ?* Alama mbili za kuuliza, nene, za wino mweusi. Nilikuwa nimesafiri siku tatu kutafuta jina moja nikapewa mawili, yote hayana uhakika. Nilitoka nje nikalia karibu na muuza mikate, ambaye alinipa mmoja wa bure, na nikaula nikilia, maana mikate ya moto haingoji.

Ijumaa, treni ya kurudi. Mwenda bure si mkaa bure, nilijiambia, huenda akaokota. Nilichookota mimi ni alama mbili za kuuliza.

Mahali fulani baada ya Likasi nikafungua mkoba wangu wa shule nikatoa raba. Ni ile yenye pande mbili, nyekundu ya penseli na bluu ya wino. Nikaweka karatasi ya daktari juu ya goti. Ningefuta kidogo tu: Basedow yote na alama moja ya Hashimoto. Ingebaki karatasi safi, jina moja, wino. Directeur angefurahi, wazazi wangetulia, darasa lingebaki langu. Nilikaa na raba ile mkononi hadi Tenke.

Kilichonizuia si wema. Ni uzoefu. Nimefundisha miaka ishirini na mbili na sijaona upande wa bluu ukifuta wino. Unatoboa karatasi. Kila mwaka watoto wananiletea matundu, na kila mwaka nawaambia: tundu linasema uongo wako hata kwa nyuma. Na kama mwezi wa sita mwili ungegeuka tena nikaanza kukimbia, ningemwambia Directeur nini? Nilirudisha raba nikaogopa kwa uwazi, bila kujificha.

Bukama, yule mama wa samaki alikuwa kwenye jukwaa na beseni lake. Aliniona dirishani akaja mbio.

"Mama! Docteur alisema nini?"

"Ni tezi! Nilikuambia! Ni tezi!"

"Aksanti Mungu," alisema. "Mwanaume ao mwanamuke?"

Jumapili mchana, Kamina. Banza alikuwa stesheni. Njiani watu walinisalimu kwa furaha isiyo ya kawaida, na mamama wawili wakanitazama kiuno kabla ya uso. Mama Bibiche, nilipomweleza, alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nzambe! Sasa bataniita mulozi ya damu!" Lakini ni mwanamke wa biashara. Kesho yake mezani kwake kulikuwa na kibao cha karatasi: *Kabla ya damu, acha nywele.*

Nyumbani nilimwonyesha Banza karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikipita chini ya maneno.

"Kwa hiyo utalala tena?"

"Labda."

"Na utanipigia makelele tena?"

"Labda."

"Ukilala, nitakungoja. Ukikimbia, nitakufuata na kinga," alisema, akionyesha baiskeli ukutani. Nilimpenda sana saa ile, na nikamwambia.

Jumatatu, saa moja kasoro robo. Directeur alikuwa amekaa, fomu mbele yake, kalamu ya wino imefunguliwa. Kando ya fomu palikuwa na orodha ya walimu wa kipindi kipya, na mbele ya mwaka wa sita nafasi tupu. Nilimpa karatasi. Alisoma juu, akasimama kwenye alama ya kwanza, akaenda ya pili.

"Madame Ngoie, nilisema jina moja."

"Ndiyo, Directeur."

"Hii iko mbili. Na docteur mwenyewe iko nauliza!"

"Hakutaka kubahatisha. Directeur, utaniona nalala siku zingine, na siku zingine utanisikia mpaka kwenye ofisi. Watoto nitawaambia wenyewe, leo, kabla ya salamu. Siku nitashindwa, nitasema, na mwalimu wa mwaka wa tano atachukua saa yangu, nimeshasahihisha madaftari yake ya kutosha. Lakini wino sina."

Nilimsimulia habari ya Papa Kalenga, safu tatu za penseli, na kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Nadhani ile ya mia moja na nne alikuwa ameisikia tayari, maana aliangalia dirisha kwa adabu. Nje kengele ilikuwa inakaribia, nikawasikia watoto wangu wakigombania mstari. Nilijua sauti ya kila mmoja.

Directeur alifunga kalamu yake. Akafungua droo, akapekua, akafunga.

"Niazime penseli, madame."

Nikampa. Kwenye mstari wa jina la ugonjwa aliandika yote mawili, polepole, kwa penseli, pamoja na alama zake. Akapuliza vumbi. Kisha akafungua tena kalamu ya wino, akavuta ile orodha ya walimu, na mbele ya mwaka wa sita akaandika: *Ngoie*.